Rubisi ya Kagera: Kinywaji cha ndizi na vyakula vinavyoendana nacho

Na Mwandishi Wetu, Kyerwa

MGENI anayefika Kibingo, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, hachelewi kutambua kwamba ameingia katika nchi ya ndizi. Migomba huzizunguka nyumba pande zote, mikahawa ikiwa chini ya kivuli chake, na shamba hilo la nyumbani, ambalo wenyeji huliita kibanja, ndilo ghala la chakula la familia kwa mwaka mzima.

Ndani ya kibanja hicho ndizi hazifanani. Zipo za kupika, zipo za kuchoma na zipo zinazoliwa zikiwa zimeiva. Zipo pia ambazo mgeni akijaribu kuzila atazitema mara moja kwa ukakasi wake. Hizo za mwisho hazikupandwa kwa bahati mbaya. Ndizo zinazotoa rubisi, kinywaji ambacho kwa vizazi vingi kimekuwa na nafasi katika harusi, misiba, mapatano ya mahari na mapokezi ya wageni katika eneo hili.

Watu wengi nje ya Kagera huifahamu rubisi kama pombe ya kienyeji tu, basi. Makala haya yanaieleza kwa upande usiozungumzwa sana: rubisi kama kinywaji cha mezani, chenye siku zake, masharti yake na vyakula vyake. Yanaeleza pia sababu ya kinywaji hicho kuwa mashakani, kwa kuwa migomba inayokizaa imekuwa ikishambuliwa na ugonjwa hatari tangu mwaka 2006.

Asili yake

Kyerwa ni wilaya changa. Hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe, na eneo lote hilo kwa karne kadhaa lilikuwa chini ya ufalme wa Karagwe. Wenyeji wake wa asili ni Wanyambo, ndugu wa karibu wa Wahaya kwa lugha na desturi.

Mwaka 1861 wasafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipokelewa katika ikulu ya mfalme Rumanyika wa Karagwe wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Henry Morton Stanley naye alifika kwa mfalme huyo mwaka 1876. Katika maandishi ya safari za zama hizo, pombe ya ndizi inatajwa kama jambo la kila siku katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Victoria.

Kinywaji hicho kina ndugu wengi katika ukanda huu. Waganda wana tonto, Wanyarwanda wana urwagwa, Warundi wana urwarwa, na mashariki ya Kongo hujulikana kama kasiksi. Mbege ya Wachaga mkoani Kilimanjaro ni jamaa wa mbali zaidi, kwa sababu ndizi zake huchemshwa kwanza na nafaka inayotumika ni ulezi. Rubisi hutokana na maji ya ndizi mbivu ambazo hazikupita jikoni, yakichanganywa na mtama.

Namna inavyotengenezwa

Kazi huanza kwa kuchagua ndizi. Za asili ni zile ziitwazo embiire, jamii moja na ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, isipokuwa zina ukakasi mwingi. Baadaye ziliongezeka aina nyingine zilizotoka nje, zikiwamo kisubi na ile ambayo majirani wa Uganda huiita kayinja, ambayo hutoa maji mengi na huvumilia ardhi iliyochoka.

Mikungu iliyokomaa hukatwa na kuivishwa kwa siku kadhaa, ama katika shimo lililotandikwa majani makavu ya migomba na kupashwa moto, ama juu ya dari la jikoni ambako joto la mafiga huifikia. Katika siku hizo wanga uliomo ndani ya ndizi hugeuka kuwa sukari. Ndizi isiyoiva vizuri haitoi maji ya kutosha, na iliyopitiliza hutoa uji mzito usiochujika.

Ndizi zikiwa tayari humenywa na kuwekwa katika mtumbwi wa mbao, chombo kilichochongwa kutoka gogo moja mfano wa mtumbwi wa kuvulia samaki. Nyasi ndefu zilizokauka huchanganywa humo, kisha ndizi hukandwa kwa miguu au kwa mikono. Kwa desturi hiyo ni kazi ya wanaume. Nyasi husaidia kuutenga ute wa ndizi na maji yake, na baadaye huwa chujio. Maji huongezwa kwa kipimo anachokijua mkamuaji, na kinachopatikana mwanzoni ni sharubati tamu isiyo na kileo, ambayo hata watoto hunywa.

Sharubati hiyo ikishachujwa huongezewa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama hufanya kazi tatu: huleta chachu, hutoa rangi ya hudhurungi na hutia uchungu kidogo unaozuia utamu usikinaishe. Chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto. Chachu huanza kuila sukari na kuigeuza kuwa kileo, huku ikitoa hewa inayofanya povu. Baada ya usiku mmoja au miwili rubisi huwa tayari. Humiminwa katika vibuyu, na wanaofuata desturi huinywa kwa mrija, uitwao oruseke.

Kileo chake kwa kawaida ni kidogo, kiasi cha asilimia mbili hadi tano, yaani kinakaribiana na bia na kiko chini sana ya mvinyo wa zabibu, ambao mara nyingi huwa na asilimia 11 hadi 14.

Siku tatu, ladha tatu

Jambo la kwanza analopaswa kulijua anayetaka kuandaa chakula cha kuendana na rubisi ni kwamba kinywaji hiki hakikai katika hali moja. Bado kiko hai, na kila siku hubadilika.

Siku ya kwanza rubisi huwa bado tamu, yenye harufu ya ndizi mbivu na povu jepesi. Siku ya pili utamu hupungua, kileo hufikia kiwango chake na uchachu wa kupendeza hujitokeza, ukiandamana na uchungu mdogo wa mtama. Wanywaji wengi huiona hiyo kuwa siku yake bora. Siku ya tatu na kuendelea, bakteria wanaozalisha siki huanza kutawala, na rubisi huwa kali mdomoni hadi isinyweke. Hakuna chupa wala jokofu katika mfumo wa asili, kwa hiyo rubisi hutengenezwa kwa ajili ya shughuli inayojulikana na kumalizwa na watu waliokusanyika.

Kwa sababu hiyo, anayeuliza ni chakula gani kinachoendana na rubisi hana budi kuulizwa kwanza: rubisi ya siku ya ngapi?

Funzo kutoka pwani ya Italia

Huenda msomaji akashangaa kuona kinywaji cha kibanja kikipangiwa chakula, kana kwamba ni mvinyo wa hotelini. Lakini hata mvinyo unaosifiwa leo ulianzia katika mashamba ya wakulima wadogo, na kanuni zake zilitokana na sahani zao.

Mfano mzuri ni mvinyo mweupe wa pwani ya Liguria, kaskazini magharibi ya Italia. Huko, katika vijiji vitano vijulikanavyo kama Cinque Terre, mizabibu hupandwa juu ya matuta yaliyojengwa kwa mawe kwenye miteremko inayoangukia baharini. Zabibu za bosco, albarola na vermentino hutoa mvinyo mwepesi wenye rangi ya majani makavu, uchachu unaofanana na wa limau na ladha inayoishia na chumvi kwa mbali. Mvinyo huo ulipewa hifadhi ya jina kisheria mwaka 1973, na mwaka 1997 vijiji hivyo viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Chakula chake ni kile kile kinachopatikana hapo hapo: dagaa wa baharini waliotiwa chumvi, ngisi wa kukaanga, mkate uliopakwa mafuta ya zeituni, na tambi zenye mchuzi wa mrehani uliotwangwa. Mvinyo huo hunywewa ukiwa baridi, na uchachu wake hufanya kazi ambayo limau hufanya juu ya samaki. Mvuvi na mkulima wa zabibu walikuwa majirani, pengine mtu mmoja, na mazao yao yalizoeana mezani kwa mamia ya miaka.

Tanzania nayo ina mvinyo mweupe wake mkoani Dodoma, unaotokana zaidi na zabibu aina ya Chenin Blanc. Hata hivyo, Kagera si nchi ya zabibu. Kinywaji kilichokua pamoja na chakula cha mkoa huu ni rubisi, na kanuni zinazotumika Liguria hutumika hapa bila kubadilika. Kanuni hizo ni nne. Uchachu hukata mafuta. Chumvi hulainisha uchachu. Chakula kizito hutaka kinywaji chenye nguvu ya kukikabili, na chepesi hutaka chepesi. Mwisho, utamu hupoza pilipili, lakini kileo huichochea.

Vyakula vinavyoendana na rubisi

Senene. Hapa ndipo mahali pa kuanzia. Panzi hao wa kijani na kahawia hujitokeza kwa wingi majira ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na mara nyingine Aprili na Mei. Huondolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe pamoja na chumvi, wengine wakiongeza kitunguu. Wana mafuta, wana chumvi na huvunjika mdomoni, sifa zinazohitaji kinywaji chenye povu na uchachu. Rubisi ya siku ya pili ndiyo inayofaa, kwani huusafisha ulimi na kumfanya mlaji atamani konzi nyingine.

Samaki. Vilaya hivi viwili havipakani na Ziwa Victoria, lakini samaki wake hufika kwa wingi, wabichi na waliokaushwa, na vipo pia viziwa vya ndani na mto Kagera. Sangara ana mafuta mengi, hivyo akikaangwa au kuchomwa hufaa rubisi ya siku ya pili iliyokwisha kuchachuka. Sato ni mwepesi zaidi, na akipikwa kwa nyanya na kitunguu hupatana na rubisi changa. Dagaa wakavu wa kukaanga, kwa chumvi na uchungu wao, huwafanana sana dagaa wa Liguria, na kinywaji chao kinapaswa kuwa kilichokolea.

Ndizi na maharage. Hiki ndicho chakula cha kila siku cha Kagera: ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa chungu kimoja na maharage, zikifunikwa kwa majani ya mgomba hadi zilainike. Ni chakula kizito chenye ladha ya upole. Rubisi ya siku ya kwanza, ikiwa na utamu uliobaki, huongeza kile kinachokosekana bila kukifunika chakula. Maharage yakiwa yameungwa kwa samli au karanga, subiri siku ya pili.

Nyama. Karagwe ni nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na nyama ya kuchoma, ya ng'ombe au mbuzi, haikosekani katika sherehe. Moshi na mafuta ya nyama hupokelewa vizuri na rubisi iliyokolea, kwa kuwa mtama wake uliokaangwa una harufu ya moto inayofanana na ya mkaa. Kwa supu ya mbuzi au utumbo, uchachu wa rubisi hufanya kazi ya ndimu, hivyo hakuna haja ya kukamua ndimu nyingi bakulini.

Vitafunwa. Karanga za kukaanga na njugumawe za kuchemsha kwa chumvi hufaa kwa mazungumzo ya jioni. Buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo wenyeji humtafunisha mgeni kama ishara ya heshima, hutangulia. Uchungu wake huuandaa ulimi, na kibuyu hufuata baadaye.

Visivyoendana

Vyakula vya sukari kama maandazi, keki na biskuti huifanya rubisi ionekane siki hata ikiwa ni njema. Pilipili kali haifai kwa rubisi iliyokolea, kwani kileo huongeza mwako wake. Anayeipenda pilipili achague ya siku ya kwanza. Maziwa nayo yakae mbali na kibuyu, kwa kuwa uchachu huyagandisha. Aidha, rubisi isinywewe juani ikiwa imepata moto. Kibuyu au chungu kiwekwe kivulini, mahali penye ubaridi, kama vile Waitalia wanavyoupoza mvinyo wao kabla ya kuupeleka mezani.

Tahadhari za afya

Usalama wa rubisi hutegemea usafi wa mikono, miguu, vyombo na hasa maji yanayoongezwa. Maji hayo yachemshwe na kupoa kabla ya kutumika. Mapipa yaliyowahi kubeba dawa za mashamba au mafuta ya mitambo yasitumike kabisa, hata yakioshwa mara nyingi. Vyombo vya chuma chenye kutu navyo viepukwe, kwa sababu uchachu huvimomonyoa.

Rubisi pia isichanganywe na gongo. Pombe hiyo ya kukenekwa ni marufuku kisheria nchini, na nguvu yake ni ya namna nyingine kabisa. Mjamzito, dereva na mwenye umri chini ya miaka 18 hawapaswi kunywa rubisi iliyochacha. Kwao ipo ile sharubati ya mwanzo, nayo huendana na vyakula vingi vilivyotajwa hapo juu.

Mnyauko, adui wa kibuyu

Yote hayo hayatakuwa na maana iwapo migomba itatoweka. Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa nchini Uganda mwaka 2001 na kuthibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Mgomba ulioambukizwa hugeuka manjano na kunyauka, ndizi zake huiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya.

Ndizi za pombe zimo hatarini zaidi, hususan kayinja. Magamba ya ua lake la dume huanguka na kuacha makovu mabichi yanayotoa utomvu, na wadudu wanaokuja kunyonya hapo hupandikiza bakteria. Isitoshe, ndizi zilizoambukizwa hazitoi maji ya kukamua. Mkulima anaweza kuona mkungu wake ukining'inia, asijue kwamba hauna tena hata bakuli moja la rubisi.

Kwa familia nyingi hasara hiyo si ya kinywaji peke yake. Ndizi za pombe hukua hata penye rutuba ndogo, na rubisi hugeuka kuwa fedha za haraka za daftari, sare na matibabu wakati kahawa haijafikia msimu. Shamba la embiire likinyauka, kaya hupoteza kipato ambacho hakikuhitaji soko la mbali.

Kinga inajulikana na haina gharama kubwa. Ua la dume liondolewe mara baada ya chana ya mwisho kutokeza, kwa kutumia kijiti chenye panda, si kisu. Panga na majembe yapitishwe kwenye moto au yaoshwe kwa dawa ya kutakasa kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba ulioonyesha dalili ung'olewe au ukatwe usawa wa ardhi bila kusubiri jirani. Machipukizi yachukuliwe katika shamba linalojulikana kuwa salama. Wakamuaji nao wana wajibu wao: mikungu na majani ya kufungia yanayosafirishwa kutoka kijiji kimoja hadi kingine huweza kubeba ugonjwa, hivyo ndizi zinunuliwe karibu na mahali pa kukamulia.

Matuta ya Cinque Terre yanatoa onyo katika jambo hili. Vijana walipoyaacha na kwenda kutafuta kazi mijini katika karne ya 20, sehemu kubwa ya kuta zake zilibomoka, na mvinyo wake umebaki mchache. Kilichoponyesha mabaki hayo ni watu waliokubali kurudi mashambani na walaji waliokubali kulipa thamani ya kinywaji hicho.

Rubisi haina hifadhi ya jina wala kibandiko. Hifadhi yake ni kibanja kisafi, mtumbwi usiovuja na mkamuaji anayejua kipimo cha maji. Msimu ujao wa senene utakapofika, mwenye kibuyu cha siku ya pili atakuwa na mlo kamili uliotoka umbali usiozidi hatua chache kutoka mlangoni pake, mradi leo awe ameondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda.